Second Life, OpenSimulator au Hubs: jukwaa lipi la ulimwengu pepe linafaa darasa la masafa?

Vyuo vyetu vimeshazoea kufundisha kwa masafa kupitia Moodle, Zoom na makundi ya WhatsApp. Sasa wahadhiri wengine wanataka kwenda mbali zaidi na kutumia ulimwengu pepe, yaani mazingira ya 3D ambamo kila mwanafunzi anaingia akiwa na avata yake (umbo linalomwakilisha humo), anatembea, anaongea na wenzake na kushika vitu vilivyomo. Wanauliza waanze na lipi. Hapa nalinganisha majukwaa matatu ambayo chuo cha kawaida kinaweza kuyamudu, na nitagusia miwani ya uhalisia pepe kwa kuwa ndiyo inayopigiwa debe zaidi.

Msimamo wangu nautoa mapema ili usome ukiujua. Mwangalie kwanza mwanafunzi mwenye kifaa dhaifu kuliko wote darasani. Kisha uliza: siku mwenye jukwaa akiamua kulifunga, kazi yangu naweza kuondoka nayo? Uzuri wa picha uje baada ya maswali hayo mawili.

Je, somo lako linauhitaji?

Kama kipindi chako ni mhadhara, wewe unaongea na wao wanaandika, usiwapeleke huko. Kukalisha avata arobaini kwenye viti wakatazame slaidi ukutani ni kuwatoza wanafunzi bando kwa kitu ambacho wangekipata kwa bei ndogo. Piga hesabu. Video inayokula kilobiti 600 kwa sekunde inamaliza megabaiti 270 kwa saa, na hapo ni upande wa kupokea tu. Sauti peke yake ya kilobiti 64 inamaliza chini ya megabaiti 30 kwa saa hiyohiyo. Kwa mhadhara, sauti iliyorekodiwa pamoja na faili ya slaidi kwenye Moodle inatosha. Ukitaka laivu, tangu toleo la 4.0 la mwaka 2022 Moodle inakuja na BigBlueButton, programu ya mikutano ya video, ndani yake.

Ulimwengu pepe unaanza kulipa pale mwanafunzi anapokuwa na kitu cha kufanya, mahali pa kukifanyia, na watu wa kufanya nao. Mfano ninaoupenda ni mradi wa PREVIEW wa Uingereza, ulioendeshwa na St George's, University of London pamoja na Coventry University takriban mwaka 2008 na 2009. Wanafunzi waliokuwa wanasomea uhudumu wa magari ya wagonjwa waliingia Second Life kwa vikundi, kila mmoja kutoka alipo, wakamkuta mgonjwa. Ilibidi wajadiliane nani afanye nini, wampime, wachague vifaa, waamue matibabu, kisha wamkabidhi hospitalini. Waliamua kama timu wakati mgonjwa yuko mbele yao, na uamuzi wa hatua moja ulibadilisha hatua inayofuata. Jaribu kuandaa zoezi kama hilo kwenye Zoom uone litakavyogeuka mazungumzo ya mwalimu na wanafunzi wawili, huku wengine wamezima kamera.

Sheria nayo inafaa. Mwaka 2006 Harvard Law School iliendesha kozi ya CyberOne, na wanafunzi wa masafa wa Harvard Extension School waliihudhuria kupitia kisiwa cha Second Life chenye ukumbi wa mahakama ulioiga ule wa chuoni kwao. Mwanafunzi aliyesimama kutetea hoja alikuwa na mahali pa kusimama, na waliomsikiliza walikuwa wamekaa upande wao. Kwa mahakama ya mfano, kuona nani kasimama wapi ni sehemu ya somo lenyewe.

Kwa fizikia na kemia za kuanzia, kabla hujajenga chochote angalia PhET ya University of Colorado Boulder. Ni maabara ndogo ndogo za bure, baadhi yake zimetafsiriwa kwa Kiswahili, na unaweza kuzipakua zikafanya kazi bila intaneti. Hazina avata wala mazungumzo, lakini mwanafunzi anayetaka kuelewa saketi ya umeme hahitaji avata.

Second Life: kila kitu kipo, ila wewe ni mpangaji

Kampuni ya Linden Lab ya San Francisco iliifungua Second Life Juni 2003, na hadi leo ipo. Kati ya majukwaa yote ninayoyazungumzia, hili ndilo lenye umri na lenye watu. Ukihitaji hospitali, soko, meli au jengo la kale, kuna mtu alishalijenga na utalinunua kwa dola za Linden, fedha ya humo inayonunuliwa kwa fedha za kweli. Sauti ipo ndani kwa ndani. Seva ziko kwao, kwa hiyo umeme ukikatika Kinondoni kisiwa chako, yaani eneo ulilokodi, hakiathiriki. Mhadhiri ambaye chuo chake hakina fundi wa TEHAMA wa kumtegemea atapumua.

Tatizo ni kwamba ardhi unalipia kila mwezi. Mwaka 2010 eneo zima, yaani mraba wa mita 256 kwa 256, lilikuwa dola 295 kwa mwezi, na vyuo vilipewa punguzo la nusu. Oktoba mwaka huo Linden Lab ikatangaza kwamba punguzo hilo linafutwa kuanzia Januari 2011. Vyuo vilivyokuwa vimejenga kwa miaka vikajikuta bajeti inaongezeka mara mbili bila wao kuongeza hata mwanafunzi mmoja. Vingine vilihama, vingine vikaacha kabisa. Punguzo lilirudishwa mwaka 2013, lakini wengi walikuwa wameshaondoka.

Ukihama, hubebi kisiwa. Vitu ulivyojenga mwenyewe kwa mkono wako unaweza kuvitoa kimoja kimoja kwa programu za kuingilia kama Firestorm. Vile ulivyonunua kwa watu vinabaki. Kwa chuo kinachotumia fedha za wafadhili za miaka mitatu, hili ni jambo la kufikiria kabla ya kujenga ukuta wa kwanza.

Kifaa ni kikwazo kingine. Unahitaji kompyuta yenye kadi ya michoro inayoeleweka, na programu ya kusakinisha. App ya simu ilianza kutolewa kwa majaribio mwaka 2024, nayo inasaidia kuhudhuria kuliko kujenga. Kuhusu bando, mara ya kwanza mwanafunzi anapoingia, kompyuta inapakua kila rangi ya ukuta na kila jani la mti. Kwenye mtandao wa taratibu utaona majengo ya kijivu yasiyo na sura, na wenzako wanaelea kama mawingu meupe hadi maumbo yao yashuke. Kilichoshuka kinahifadhiwa kwenye kompyuta, kwa hiyo kipindi cha pili kinakuwa chepesi zaidi. Lakini kwenye kompyuta ya intaneti kafe inayofutwa kila jioni, kila kipindi ni cha kwanza.

Nadhani ndiyo sababu sisi huku tuliupita msisimko wa Second Life wa 2006 na 2007 bila kuugusa. Kebo ya SEACOM ilifika Mombasa na Dar es Salaam Julai 2009. Kabla ya hapo vyuo vilikuwa vinategemea setilaiti, na hata African Virtual University, iliyoanza 1997 kama mradi wa Benki ya Dunia, ilianza kwa kurusha mihadhara kwa setilaiti. Tuliyakosa majukwaa haya yalipokuwa ya moto kwa sababu njia ya kuyafikia haikuwepo. Sasa ipo, na tunachagua tukijua yaliyowapata waliotutangulia.

OpenSimulator: yako, na mzigo ni wako

OpenSimulator ilianza mwaka 2007. Ni programu huria ya seva inayokupa ulimwengu unaofanana sana na Second Life: maeneo ya mita 256 kwa 256, lugha ileile ya kuandikia amri za vitu, na programu ileile ya Firestorm ya kuingilia. Mwanafunzi aliyejifunza kujenga huku anaweza kujenga kule. Leseni hailipiwi.

Inaendeshwa kwenye Windows au Linux, na kwa darasa dogo kompyuta moja ya kawaida inatosha kuwa seva. Hapa ndipo penye jambo ambalo miongozo ya Ulaya na Marekani hailipi uzito, kwa kuwa wao hawana haja nalo: seva hiyo haihitaji intaneti. Unaiweka kwenye chumba cha kompyuta, unaziunganisha kompyuta nyingine kwa waya au Wi-Fi ya ndani, na darasa linaingia bila kutumia hata megabaiti moja ya bando. Picha zote zinashuka kutoka meza ya jirani.

Msomaji atasema, basi hiyo si elimu ya masafa. Tazama masafa yetu yanavyofanya kazi. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina vituo katika mikoa. Mwanafunzi anasoma nyumbani, na kwa mambo fulani anafika kituoni. Kwa chuo cha namna hiyo, kompyuta kumi zenye OpenSimulator katika kituo cha Mtwara na kumi nyingine Kigoma zinampa mwanafunzi zoezi la vitendo ambalo vinginevyo angelifuata Dar es Salaam kwa basi. Vituo vikiwa na mtandao mzuri, kupitia mitandao ya vyuo kama TERNET kwa Tanzania au KENET kwa Kenya, unaziunganisha seva, na mwanafunzi wa Mtwara anavuka kwenda eneo la Kigoma akiwa na avata yake. Mfumo wa kuvuka hivyo kati ya seva za wenyewe tofauti unaitwa Hypergrid.

Kuhama ndiko kunakoniridhisha zaidi. Ukiandika amri ya `save oar` kwenye seva, eneo lako lote, ardhi, majengo, rangi na amri zilizomo kwenye vitu, linaingia kwenye faili moja. Unainakili kwenye flashi, unaipeleka kituo kingine, unaandika `load oar`, na zahanati uliyoijenga inasimama kule vilevile. Nilipoona hilo likifanyika kwa macho yangu nilielewa kwa nini walimu waliochoka kuwa wapangaji walikimbilia huku. Kazi ya muhula mzima inatosha mfukoni, na mhadhiri wa chuo kingine anaweza kuichukua na kuibadilisha.

Na zahanati ni kitu cha kuzingatia. Vitu vya bure vinavyopatikana kwenye majukwaa haya vimejengwa zaidi na Wamarekani na Wazungu. Wodi zao zina mashine ambazo mwanafunzi wa uuguzi wa Namtumbo hatazikuta kazini. Ukijenga mwenyewe utaweka zahanati yenye muuguzi mmoja, benchi la nje lenye akina mama na watoto, friji ya chanjo inayotumia gesi, na pikipiki badala ya gari la wagonjwa. Uamuzi anaoufanya mwanafunzi hapo, nampeleka mgonjwa huyu hospitali ya wilaya sasa hivi au nasubiri, ndio uamuzi atakaoufanya baada ya kuhitimu. Mjenzi anaweza kuwa mwanafunzi wa TEHAMA wa chuo hichohicho, akitumia Blender, programu ya kuunda vitu vya 3D, ambayo nayo ni bure.

Sasa mzigo. Unahitaji mtu anayejua seva, na akiwa mmoja tu, akihamishwa mradi umekufa. Umeme ukikatika bila UPS, kompyuta zinazima, na wakati mwingine data inaharibika, kwa hiyo `save oar` iwe desturi ya kila jioni. Sauti ndiyo udhaifu mkubwa: kuiweka vizuri ndani ya OpenSimulator kunasumbua, na wengi huishia kufungua programu ya mazungumzo kama Mumble au Jitsi kando. Kituoni si tatizo sana, maana walio chumba kimoja wanasikiana. Kwenye simu hakuna njia ya maana ya kuingia.

Hubs: kiungo kimoja, simu yoyote nzuri

Mozilla, wenye kivinjari cha Firefox, waliianzisha Hubs mwaka 2018 kwa wazo rahisi: chumba cha 3D kinachofunguka ndani ya kivinjari. Unatuma kiungo kwenye kundi la WhatsApp, mwanafunzi anakibonyeza, anachagua avata, anaruhusu maiki, yumo. Hakuna cha kusakinisha. Kompyuta, simu na miwani vyote vinaingia chumba kimoja. Sauti inafuata umbali, ukisogelea kikundi unawasikia, ukiondoka wanafifia, hivyo vikundi vinne vinaweza kujadiliana katika ukumbi mmoja na mhadhiri akapita kati yao. Kwa semina hilo ni zuri kuliko vyumba vidogo vya Zoom, ambako kiongozi huruka kutoka chumba hadi chumba bila kujua mazungumzo yamefikia wapi.

Mipaka yake iko wazi. Chumba kinafaa watu wasiozidi ishirini na kitu. Vitu ndani yake ni vya kutazama na kusogeza kuliko kufanyia kazi, kwa hiyo zoezi la mgonjwa nililolieleza juu ni gumu kulifanya hapa. Simu ya bei ndogo yenye RAM ya GB 2 itahangaika, na chumba kilichopambwa sana kitaifunga kabisa. Tengeneza chumba chepesi, kuta tupu, meza na ubao, na kijaribu kwenye simu mbovu kuliko zote unayoweza kuazima.

Kuhusu kuhama, Hubs ni somo lenyewe. Februari 2024 Mozilla ilitangaza kuacha, na Mei 31 mwaka huo huduma yake ikafungwa. Lakini kwa kuwa msimbo ni huria, jumuiya ikauchukua chini ya Hubs Foundation, na chuo kinaweza kuweka seva yake. Kazi hiyo ni ngumu kuliko OpenSimulator, inataka mtu anayeelewa seva za wingu, na sitamshauri mhadhiri aianze peke yake. Vyumba na vitu vyake vinatumia umbo la faili liitwalo glTF, linalofunguka kwenye Blender na programu nyingine nyingi, kwa hiyo hata seva ikifa modeli zako unazo.

Linganisha na waliokuwa kwenye majukwaa yaliyofungwa bila msimbo huria. Google ilifungua Lively Julai 2008 ikaifunga Desemba mwaka uleule. Google Expeditions ilisitishwa Juni 2021. Microsoft iliifunga AltspaceVR Machi 2023. Kampuni kubwa zenye fedha zote hizo, na mwalimu aliyeuandaa muhula wake humo ilibidi atafute pengine.

Miwani, na yale ya 2D

Morehouse College ya Atlanta ilianza kufundisha kwa miwani mwaka 2021 ikishirikiana na VictoryXR, kemia na historia zikiwemo, na kilichofanyika pale kinavutia kweli: molekuli unaizunguka, unaingia ndani yake. Ila miwani ya Meta Quest 3S, ambayo ni ya bei ya chini, ilitoka Oktoba 2024 kwa dola 299. Kwa wanafunzi arobaini ni karibu dola 12,000 kabla ya ushuru na usafiri, na bado unawaza itamfikiaje aliye Ngara na nani ataitengeneza. Fedha hizo zinajenga vyumba viwili vya kompyuta. Kwa masafa yetu, kwa sasa, hapana.

WorkAdventure na Gather ni ramani za 2D kama michezo ya zamani, na ukimkaribia mtu video yake inafunguka. Ni nyepesi. Zinafaa saa za ushauri na maonyesho ya mabango ya utafiti, basi.

Asiyeona, na data za wanafunzi

Mara nyingi mambo haya huachwa hadi mwisho, nami sitaki yaachwe. Mwanafunzi asiyeona anazuiwa na karibu kila kitu kwenye 3D. Kwa Second Life na OpenSimulator kuna programu iitwayo Radegast inayoonyesha ulimwengu kwa maandishi: nani yuko karibu, kitu gani kiko mbele, nani kasema nini. Kisoma skrini kinaisoma. Programu hiyohiyo inamfaa mwenye kompyuta dhaifu au bando dogo, maana haipakui picha za mandhari. Hubs haina kitu cha namna hiyo kinachonitosha, na kama una mwanafunzi asiyeona darasani, hilo peke yake linatosha kuamua.

Kuhusu data, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Kenya ina yake ya 2019. Second Life na miwani vinamtaka kila mwanafunzi afungue akaunti kwa kampuni ya nje. Kwenye seva yako, akaunti zinafunguliwa na chuo. Ongea na ofisi ya sheria ya chuo kabla ya muhula kuanza.

Basi uchague lipi

Kama wanafunzi wako hukutana kwenye vituo na una fundi mmoja anayeweza kumfundisha wa pili, chukua OpenSimulator bila kusita, hasa kwa afya, sheria na ualimu. Kama wametawanyika majumbani na wengi wana simu, na unachotaka ni semina ya watu ishirini, tafuta Hubs inayoendeshwa na mtu mwingine, ulipie muhula mmoja. Second Life nitakupeleka ukiwa na bajeti ya uhakika na somo linalohitaji watu wa nje, kwa mfano kujifunza lugha kwa kuongea na wenyeji wake, kwa sababu watu hao wako humo tayari. Ukikodi kisiwa, weka orodha ya wanaoruhusiwa kuingia, maana ulimwengu ule ni wa watu wote na si kila eneo linafaa darasa.

Kwa lolote utakalochagua, kipindi cha kwanza kiwe cha kujifunza kutembea, kukaa, kuzungumza na kuzima maiki, bila alama yoyote ya mtihani. Kila mmoja awe na hedifoni. Asiyekuwa nayo, spika yake inarudisha sauti za wote na kipindi kinaharibika kwa darasa zima. Na kabla ya hapo, mwombe mwanafunzi mmoja anayeishi mbali kuliko wote aingie akiwa na kifaa chake na bando lake, umrudishie gharama, halafu akuambie alichoona na kiasi kilichokatwa.